Kisu cha Jiwe cha Nyayanga

Pale Sori, Karungu, nchini Kenya, muuza nyama akiombwa nyama ya kukatakata huilaza kwenye gogo na kuicharanga kwa kisu mpaka iwe laini. Je, wajua kwamba ufuo huu huu wa ziwa umehifadhi alama za kazi hiyo tangu zama ambazo moto haukuwa umeanza kutumiwa jikoni?

Fuata ufuo wa Ziwa Viktoria kuelekea kaskazini, pita Mbita, kisha uingie ghuba ya Winam hadi rasi ya Homa. Huko ndiko Nyayanga. Wachimbuzi wakiongozwa na Thomas Plummer, pamoja na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walifukua hapo vifaa 330 vya mawe na mifupa 1,776 ya wanyama. Walitangaza matokeo mwaka 2023. Vitu hivyo vina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ubavu wa kiboko, rawo kwa Kijaluo, ulikuwa na mkato mzito, na muundi wa kiboko ulikuwa na mikato minne mifupi iliyolala sambamba. Palipatikana pia magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wetu aliyekwisha kutoweka. Kama ndiye aliyeshika kisu, bado haijathibitika.

Kisu chenyewe hutengenezwa hivi: unashika jiwe gumu mkono mmoja, unaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, na kigae chembamba kinabanduka kikiwa na makali ya kuchana ngozi. Ufundi huu huitwa Oldowan, kutokana na Bonde la Olduvai nchini Tanzania.

Makali hayo yalihitajika kwa sababu meno yetu hayakuumbwa kwa nyama mbichi. Simba ana magego yanayokata kama mkasi. Yetu ni bapa, husaga. Mwaka 2016, Katherine Zink na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio ambamo watu walitafuna nyama mbichi ya mbuzi. Nyama isiyokatwa ilibaki donge mdomoni, hata watafune vipi. Iliyokatwa vipande vidogo ilisagika. Kuponda kulisaidia mizizi, si nyama; nyama ilitaka makali.

Hata leo wapo wanaokata nyama mbichi ili iliwe: Waethiopia wana kitfo, nyama ya ng'ombe iliyokatwa laini na kuchanganywa na siagi na pilipili, mara nyingi ikiwa mbichi. Ni chakula cha heshima, ila kina hatari ya kweli. Katika pande zima la nyama safi, bakteria wengi hukaa juu, na moto wa sufuria huwafikia kwa urahisi. Ukiikata laini, unawaingiza mpaka ndani. Tegu naye hujificha katikati ya misuli tangu ng'ombe akiwa hai. Kwa hiyo nyama ya kusaga nyumbani ipikwe mpaka ndani isiwe na wekundu.

Nyayanga ilitoa habari nyingine mwaka 2025. Baadhi ya mawe yake yalibebwa kutoka mbali, hata kilomita 13. Aliyeyabeba alitembea mwendo huo wote na jiwe mkononi, akiwaza chakula ambacho bado hakikuwa mbele yake.