Kamba ya Matterhorn

Leo twende Uswisi, kwenye mlima Matterhorn wenye kimo cha mita 4,478. Mlima Kenya wetu unaupita kwa urefu, lakini Matterhorn umechongoka kama jino la mamba, na hadi mwaka 1865 hakuna aliyekuwa amefika kileleni.

Tarehe 14 Julai mwaka huo walifika watu saba: Edward Whymper, Kasisi Charles Hudson, Lord Francis Douglas, kijana Hadow wa miaka 19, pamoja na viongozi wao watatu, Michel Croz na akina Taugwalder, baba na mwana. Wakakaa juu muda wa saa moja wakishangilia. Kisha ikabidi washuke.

Wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Sivyo. Apandaye huona mbele ya macho yake mahali pa kushika. Ashukaye hupapasa kwa mguu asikokuona, naye amekwisha kuchoka. Kwa hiyo hujifunga kamba moja, ili mmoja akiteleza wenzake wamzuie. Mhubiri, katika sura ya 4, amemsikitikia mtu aangukaye bila mwenzi wa kumwinua. Ni kweli kabisa. Ila kamba ya mlimani ina sharti lake: lazima ikazwe baina ya mtu na mtu. Ikilegea, aangukaye hupata kasi kwanza, ndipo humvuta mwenziwe kwa kishindo.

Hadow hakuwa mzoefu. Whymper alikuwa ameuliza habari zake, naye kasisi akajibu kwamba kijana huyo aliupanda Mont Blanc upesi kuliko wengi. Jibu likatosha, ingawa mbio za mtu hazituambii miguu yake ni imara kiasi gani.

Katika kushuka, Croz alikuwa akimsaidia Hadow kuweka nyayo. Hadow akateleza, akampiga Croz. Uzito wao ukawavuta Hudson na Douglas. Huko juu Whymper na akina Taugwalder wakang'ang'ania mwamba. Kamba ikakatika kati ya Douglas na Taugwalder mzee, na wale wanne wakaporomoka hadi kwenye barafu chini. Mwili wa Douglas haukupatikana.

Kamba iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zote walizochukua. Zilizo imara walikuwa nazo! Watu wakamshuku mzee Taugwalder kwamba aliikata kwa kisu ajiokoe. Whymper alishuhudia kwamba ilikatika yenyewe, na baraza la uchunguzi likamwondolea mzee lawama, lakini minong'ono haikuisha. Kipande chake kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Zermatt.