Mwongozaji wa filamu ya Serengeti: Oscar mkononi, mwana kaburini, na ubishi usiokwisha

WAKAZI wengi wa Bariadi, Itilima, Meatu na Busega wanaijua Serengeti kwa sababu ni jirani yao. Tembo wakivuka mpaka usiku, familia hulala shambani na tochi na madebe. Lakini ukiwauliza vijana wa Simiyu nani aliyeifanya Serengeti ijulikane dunia nzima, wengi watataja watalii, televisheni au serikali. Jina la Bernhard Grzimek halimo vinywani mwao.

Hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 1960 Mjerumani huyo alipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya makala kwa filamu aliyopiga katika nyika hizi, "Serengeti haitakufa". Ilikuwa Oscar ya kwanza kwa filamu ya Kijerumani tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili. Baada ya hapo hakutengeneza tena filamu nyingine kubwa ya sinema. Leo wapo wanaomwita mkombozi wa wanyamapori, na wapo wanaomtaja kama mtu aliyeifundisha dunia kwamba mwenyeji wa Afrika ni mgeni katika ardhi yake.

Nyuma ya ubishi huo ipo habari ya familia: baba, mwana, mjane na nyumba iliyolipa gharama ya kazi ya mzee.

Daktari wa mifugo aliyegeuka mtu wa sinema

Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, uliokuwa Ujerumani wakati huo na sasa uko Poland. Alisomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945, Frankfurt ikiwa magofu matupu na bustani yake ya wanyama imebaki na wanyama wachache, alikabidhiwa bustani hiyo. Aliiongoza hadi 1974.

Mwanawe wa pili, Michael, alizaliwa 1934 na alikua na kamera mkononi. Baba na mwana walisafiri hadi Kongo ya Wabelgiji, na kutokana na safari zao walitengeneza filamu ya kwanza, "Hakuna nafasi kwa wanyamapori". Mwaka 1956 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin. Watu walijaa kumbi za sinema na fedha zikaingia.

Hapo ndipo Tanganyika ilipoingia katika maisha yao. Walitaka kutumia mapato hayo kununua ardhi iongezwe kwenye hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Peter Molloy, aliwashauri vingine: waje wahesabu wanyama, maana serikali ya kikoloni ilikuwa inajiandaa kubadili mipaka ya Serengeti bila kujua makundi yanahama kupita wapi.

Baba na mwana walijifunza kurusha ndege. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakapita anga la Afrika hadi Serengeti. Herufi za usajili wake zilikuwa D-ENTE, na "Ente" kwa Kijerumani ni bata. Mwaka 1958 wote walikuwa angani wakihesabu nyumbu, pundamilia na swala, huku wakipiga picha. Jumla waliyotoa ilikuwa wanyama 366,980.

Januari 10, 1959

Kazi ilipokaribia kumalizika, Michael aliruka peke yake. Ndege iligongana na tumbusi, ikaanguka karibu na Ngorongoro. Alikuwa na miaka 24, na ameacha mke, Erika. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi likajengwa mnara wa mawe ambao magari ya watalii hupita kando yake hadi leo.

Baba alirudi Ujerumani na mikanda ya filamu iliyojaa picha za mwanawe. Mzazi yeyote anaweza kufikiria ilikuwaje kukaa katika chumba cha kuhariri, siku baada ya siku, ukimtazama mtoto uliyemzika akicheka kwenye pazia. Filamu ilimalizika mwaka huo huo wa 1959, pamoja na kitabu chenye jina hilo hilo kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka uliofuata ikaja Oscar.

Pale Banagi, ndani ya Serengeti, ikajengwa maabara ya kumkumbuka Michael. Kutokana na mbegu hiyo ikaota taasisi ya utafiti wa Serengeti, ambayo kwa miaka mingi imefundisha wataalamu wa Kitanzania na wageni.

Umaarufu uliohamia sebuleni

Baada ya hapo mwongozaji wa sinema alififia, akabaki mtu wa televisheni. Kipindi chake, "Nafasi kwa wanyama", kilianza 1956 na kiliendelea hadi alipofariki. Alikaa nyuma ya meza, amevaa suti, na mnyama hai mbele yake. Alizungumza polepole kama mwalimu wa jioni. Mwisho wa kipindi aliomba michango, na Wajerumani walitoa.

Alikuwa mjanja pia. Aliwahi kutangaza kipindini kwamba mtu anaweza kununua safari ya kwenda Afrika Mashariki kwa bei nafuu, wakati safari ya namna hiyo haikuwepo. Watu walipofurika kuuliza, makampuni yakalazimika kuziandaa. Utalii wa Wajerumani katika nyika zetu una deni kwa ujanja ule.

Lakini televisheni ilibadilika. Vilikuja vipindi vya rangi kali, kamera za karibu na watangazaji wanaotembea porini wenyewe. Mzee wa suti na meza alianza kuonekana wa zamani. Serikali ya Willy Brandt ilimpa kazi ya kusimamia hifadhi ya mazingira mwaka 1970. Mwaka 1973 akajiuzulu akilalamika kwamba hana nguvu ya kufanya lolote. Machi 13, 1987 alifariki Frankfurt akiwa kwenye sarakasi, akitazama maonyesho ya chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro yakazikwa kando ya Michael.

Nyumba iliyopasuka

Nje ya kamera, familia haikuwa na amani. Ndoa yake na Hildegard, mke aliyefunga naye 1930 na aliyesimama naye miaka ya njaa na vita, ilivunjika. Mwaka 1978 Grzimek alimwoa Erika, mjane wa Michael. Mwaka 1980 mwanawe wa kulea, Thomas, alijiua.

Kwa Wasukuma habari ya mzee kumwoa mke wa marehemu mwanawe ni nzito. Mkwe huheshimiwa kwa mbali, na hata pale mila iliporuhusu mjane kurithiwa, aliyefikiriwa alikuwa ndugu wa marehemu, siyo baba yake. Kwa Wajerumani nako minong'ono ilikuwepo. Wengine waliona ni watu wawili waliounganishwa na msiba mmoja. Wengine waliona ni mzee asiyejua mpaka, ingawa maisha yake yote aliyatumia kupigania mipaka.

Kuna doa jingine. Grzimek aliingia chama cha Nazi mwaka 1937. Baada ya vita alilikana jambo hilo, Wamarekani wakamsimamisha kwa muda, kisha akarudishwa kazini. Wanaomtetea wanasema mtumishi wa serikali wa wakati ule hakuwa na njia nyingi. Wanaomlaumu wanasema tatizo ni kukana.

Ubishi unaogusa Simiyu

Kwa familia za huku, hata hivyo, jambo kubwa ni ujumbe wa filamu yenyewe. Grzimek aliamini hifadhi ya taifa inapaswa kubaki pori tupu, asiishi mtu ndani yake, hata mzawa. Katika filamu, wanyama ni urithi wa dunia nzima. Mfugaji na ng'ombe wake ni tatizo, na mwindaji mwenye mitego ya nyaya ni adui.

Haki lazima itendeke kwake pia. Uamuzi wa kuwaondoa Wamasai Serengeti haukuwa wake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuupanga, na mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini kukubali kuhama. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo watu na wanyama wangeishi pamoja. Grzimek alipinga kutengwa huko, kwa hoja kwamba makundi aliyoyafuata kwa ndege yalipita nje ya mipaka mipya. Kwa hiyo yeye alitaka hifadhi iwe kubwa zaidi ya ile serikali iliyoikubali.

Upande wa magharibi, katika nchi ya Wasukuma, mpaka ulizidi kusogea karibu. Pori la Akiba Maswa lilianzishwa 1962, wakati kilimo cha pamba kikiwasukuma watu kwenda mashariki kutafuta ardhi mpya na malisho. Hifadhi inatoka huku na wakulima wanatoka kule, na waliokutana mpakani ni wajukuu wa leo wa Meatu, Itilima na Bariadi.

Nyumbu waliponywa na sindano ya ng'ombe

Jambo ambalo filamu haikulijua lilikuja kuonekana baadaye. Nyumbu wa Serengeti walikuwa wachache kwa sababu ya sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuua ng'ombe na wanyamapori kwa pamoja. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliohesabiwa na Grzimek walikuwa chini ya 100,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja.

Tafsiri yake ni rahisi. Mfugaji aliyemleta ng'ombe wake kwenye chanjo alishiriki kuiokoa Serengeti, lakini hakuna filamu iliyompiga picha. Hapo ndipo wasomi kama Thomas Lekan, aliyeandika kitabu kizima juu ya Grzimek mwaka 2020, wanapoeleza kwamba mwongozaji huyu aliona wanyama vizuri kuliko alivyowaona watu.

Wanaomtetea nao wana hoja. Bila filamu ile, Tanganyika iliyokuwa inaelekea uhuru ingepata wapi fedha na marafiki wa kulinda hifadhi? Septemba 1961 Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akiahidi kwamba taifa jipya lingewatunza. Chuo cha Mweka kikafunguliwa 1963. Serengeti ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia 1981. Shirika la Frankfurt alilolijenga bado linafanya kazi Serengeti. Vijana wengi wamepata mshahara wa uaskari wa wanyamapori, uongozaji watalii na upishi wa kambini kwa sababu nyika ile bado ipo.

Ubishi huo haujazeeka. Tangu 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na hoja zilizosikika mwaka 1958 zimerudi karibu vilevile: watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, wanyama wanahitaji nafasi. Na swali la upande wa pili ni lile lile: nani alipimwa gharama yake?

Gharama inayohesabika nyumbani

Huku Simiyu gharama inajulikana. Ekari ya mahindi au pamba inaweza kumalizwa na tembo usiku mmoja. Sheria inatambua kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia kamili. Mtoto aliyekesha shambani anasinzia darasani. Mume aliyekamatwa na nyama ya porini anaacha mke na madeni.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa huu ulioanzishwa 2012, unaanzia upande wa Serengeti na kumwaga maji Ziwa Victoria. Pori likiisha, maji hayatabaki yalivyo. Na Meatu, kupitia Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, vijiji vimejaribu njia ambayo Grzimek hakuifikiria: wanakijiji kutenga ardhi yao wenyewe na kugawana mapato.

Wazee waliokuwa vijana mwaka 1959 wamebaki wachache katika kila kijiji cha mpakani. Wao wanakumbuka ng'ombe walichungwa wapi, mpaka ulikuwa mti gani, na sotoka ilipita lini. Grzimek alikuwa na kamera, ndege na Oscar, na ndiyo maana upande wake umehifadhiwa. Upande wa wazee hao uko vichwani mwao tu. Mjukuu mwenye simu yenye kinasa sauti anaweza kuanza nao jioni hii, kwa kuwauliza majina ya mahali palipokuwa malisho.