Pio Gama Pinto na Kazi Isiyopanda Jukwaani

Ukimtaja Pio Gama Pinto hapa Nairobi, mtu atakueleza alivyokufa. Atakwambia habari za tarehe 24 Februari 1965, alipopigwa risasi garini langoni mwa nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa kiti cha nyuma. Atakwambia kwamba alikuwa mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo katika Kenya huru, na kwamba Kisilu Mutua alifungwa kwa kesi hiyo hadi mwaka 2001, akikana hatia siku zote. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu huyohuyo ukimuuliza Pinto alikuwa akishinda na kazi gani kutwa, anababaika.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, wengi wetu wapishi na wahudumu. Kazi yangu ni daftari la wanachama, michango, kumbukumbu za mikutano na barua za notisi. Mwajiri mmoja aliwahi kuwafukuza wenzetu wa jikoni akidai kwamba hakukuwa na makubaliano yoyote ya zamu za usiku. Waliorudishwa kazini walirudishwa na karatasi moja iliyotiwa sahihi, ambayo mtu alikuwa ameitunza vizuri. Kwa hiyo nikisoma maisha ya Pinto, macho yangu hutafuta meza yake kwanza.

Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, katika jamii ya Wagoa. Wakati huo Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ilikuwa koloni la Ureno, na Wagoa wengi wa Kenya walikuwa makarani, mafundi cherehani na wapishi. Alipelekwa huko kusoma akiwa mtoto. Alipokuwa kijana akaajiriwa posta mjini Bombay, na huko akaingia katika mgomo wa wafanyakazi wa posta. Akajiunga pia na waliotaka Mreno aondoke Goa, Wareno wakaanza kumwinda, naye mwaka 1949 akarudi Kenya.

Alifika wakati vyama vya wafanyakazi vinachemka. Tarehe 1 Mei mwaka huo, Fred Kubai na Makhan Singh walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na Nairobi ikagoma. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Hebu fikiria chama kinachompoteza katibu wake kwa zaidi ya miaka kumi: anayejua nani amelipa mchango, barua ipi haijajibiwa, mwenye ukumbi gani bado atakubali kukodisha, ameondoka navyo vyote kichwani. Pinto alikuwa miongoni mwa wachache walioingia katika pengo hilo. Alifanya kazi katika ofisi ya chama cha Wahindi cha East African Indian National Congress, akaandika na kuhariri magazeti. Viongozi wa chama cha KAU waliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, yeye na rafiki yake Joseph Murumbi walihangaika kutafuta mawakili na fedha za kuwalipa.

Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Baba mkwe akawapa fedha za zawadi ya harusi, na Pinto akanunulia mashine ya kuchapia. Wapo wanaoisimulia habari hii wakicheka, kwamba bwana harusi hakujua kutunza nyumba. Mimi naitazama vingine. Mwenye mashine yake haombi ruhusa. Mchapaji wa kukodi anaweza kutishwa na polisi usiku wa kuamkia mkutano, na matangazo yako yakabaki kwenye meza yake. Lakini gharama yake nayo isifichwe: mshahara wa Emma, aliyefanya kazi ya ukarani, ndio uliotegemewa nyumbani miaka mingi. Tukihesabu waliobeba harakati ile, jina la Emma liandikwe pale juu, si kando.

Juni mwaka huohuo Pinto alikamatwa. Ndoa ilikuwa na miezi mitano tu. Alizuiliwa Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Alikaa huko hadi 1957, kisha akapelekwa Kabarnet asitoke humo, mpaka mwaka 1959.

Baada ya kuachiliwa, mtu mwingine angepumzika. Uchaguzi wa Februari 1961 ulikuwa mlangoni, na ndio uliokuwa wa kwanza kuwapa Waafrika wingi wa viti katika Baraza la Kutunga Sheria. KANU kilikuwa chama kilichoanzishwa mwaka uliotangulia tu, na mtu kiliyemwimba majukwaani, Jomo Kenyatta, alikuwa bado amezuiliwa kaskazini. Kampeni ya namna hiyo inaendeshwa kwa nini? Kwa petroli, karatasi, gundi, vipaza sauti vya kuazima, na fedha za dhamana kwa vijana watakaokamatwa. Kuna pia kazi ya kumfundisha mpiga kura alama ya chama, kwa sababu wengi hawakupata shule. Pinto alishika upande huo: kuchangisha fedha, kuandika, kuchapisha, kusukuma gazeti la chama liwafikie watu. KANU ikapata viti 19 kati ya vile 33 vilivyokuwa wazi kwa wote, na chama pinzani cha KADU 11. Kisha KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe.

Baadaye akaiongoza Pan African Press, iliyotoa gazeti la Kiswahili la Sauti ya Mwafrika. Napenda sana uamuzi huo wa lugha. Kuli wa Mombasa na dereva wa Nakuru waliweza kusomeana gazeti lilelile wakati wa chakula cha mchana, bila kumngoja mtu wa kuwafasiria.

Uhuru ulipokuja, wengi wa rika lake waligeukia mashamba na makampuni. Yeye aliingia Bunge mwaka 1964 na kuendelea kuuliza ardhi itawafikia vipi waliopigania uhuru, na mfanyakazi atapata nini katika nchi aliyoijenga. Alisaidia kuanzisha Taasisi ya Lumumba ya kuwafunza makada wa chama, iliyofunguliwa Desemba 1964. Serikali ikaichukua mwaka uliofuata. Kifo kilimkuta na miaka 37, miezi miwili kabla ya serikali kutoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliotangaza ujamaa wa Kiafrika huku ukiacha njia ya ubepari wazi. Sidhani kama waraka ule ungepita kimya hivyo kama angekuwa hai wa kuupinga kwa hoja na kwa hesabu.

Mwaka 1966 Murumbi alijiuzulu umakamu wa rais. Alipofariki baadaye, alizikwa City Park karibu na Pinto, rafiki yake. Emma alihamia Kanada na wanawe. Mwaka 2008 posta ya Kenya ilitoa stempu yenye sura ya Pinto, na Westlands ina barabara yenye jina lake.

Stempu na barabara ni heshima, lakini mfanyakazi wa posta yule ningependa tumpe na heshima ya kazi yake mwenyewe. Kama kwenu kuna sanduku la babu lenye toleo la Sauti ya Mwafrika, kadi ya mwanachama ya mwaka 1961, risiti ya mchango au tangazo la mkutano wa wafanyakazi, usikubali karatasi hiyo ifungiwe maandazi. Ipeleke Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, na umwombe karani akuandikie kwamba ameipokea.