Kichaka Kinavyorudi Maweni: Soma Ardhi Kabla Hujaikodi

Wiki hii kijana mmoja kanipigia simu kutoka Maziwa Ng'ombe. Kapata eka mbili za kukodi, anataka kupanda matikiti. Akaniuliza: "Bwana shamba, pale pana kichaka. Nikifyeke nikichome, au nitafute mahali peupe?" Nikamwambia asitoe pesa kwanza.

Ardhi ya upande wetu huu, Micheweni kwenda Kiuyu, nyingi ni maweni. Chini ni jiwe la matumbawe, na udongo umekaa kwenye vishimo na nyufa tu. Ndiyo maana wazee hapa wanapanda kwa mtaimbo. Wanafyeka, wanalima mtama, kunde na muhogo misimu miwili mitatu, kisha wanahama na kuliacha konde lipumzike. Sisi vijana tukiona hivyo tunasema ardhi imekaa bure. Haikukaa bure, kuna kazi inaendelea pale.

Kazi hiyo wataalamu wanaiita mfuatano wa pili wa uoto. Ule wa kwanza huanzia kwenye jiwe tupu lisilo na udongo, nao huchukua muda mrefu mno. Wa pili huanza pale palipokatwa, palipoungua au palipolimwa, lakini udongo upo, mbegu zimelala ndani yake na mizizi bado iko hai. Ndiyo maana kichaka kinarudi tukiwa bado hai tunakiona.

Kinarudi kwa zamu. Mwanzo yanakuja magugu ya jua: kishona nguo, ndago na majani mengine. Hayo hufunika udongo usichukuliwe na mvua ya masika. Baadaye unaona mkwamba, mipera iliyoletwa na ndege, na upupu (aliyeupitia bila shati ananielewa). Upupu ni jamii ya kunde, kwa hiyo unarudisha naitrojeni ardhini. Vichaka vikikutana juu, kivuli kinaiua ndago, maana ndago haipendi kivuli kabisa. Majani yanadondoka na kuoza, udongo unakuwa mweusi. Miti mikubwa inafuata, mingi mbegu zake zimeletwa na ndege na popo. Popo wetu wakubwa wa Pemba, wale wanaolala Kidike, hula matunda na kuangusha mbegu mbali na mti wenyewe. Kwa hiyo konde lililo karibu na msitu, mfano wale majirani wa Ngezi, linapata mbegu kwa urahisi kuliko lile lililozungukwa na uwanda mtupu.

Lakini kwenye maweni chanzo kikubwa cha kurudi ni visiki. Mizizi yake imeshaingia kwenye nyufa za jiwe na inajua maji yalipo. Ukikata mti ukabakisha kisiki, mvua ikinyesha machipukizi yanatoka. Mche wa mbegu utahangaika miaka kufika huko, na jua la Januari likiukuta mdogo hauna maisha.

Hili nimelijifunza vibaya. Nilipoanza kazi nilikishauri kikundi cha vijana wang'oe visiki vyote na wachome kila kitu, shamba liwe safi kama la kwenye vitabu vyangu vya diploma. Matikiti ya msimu wa kwanza yalikuwa makubwa, tukapiga na picha. Msimu wa pili yakapungua, majani machanga yakawa manjano katikati ya mishipa. Wa tatu tukavuna ndago. Majivu yaliwapa chakula cha haraka mara moja, naitrojeni ikaondoka na moshi. Tena udongo wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, majivu yanaizidisha, na mmea unashindwa kupata chuma na zinki. Jirani yao, mzee mmoja, alikata kwa urefu wa goti na kuacha miti michache imesimama. Alipolilaza konde lake, msimu uliofuata lilikuwa kijani.

Sasa, kabla hujakodi, ingia ndani ya kichaka. Ukikuta majani na ndago tu, ardhi bado changa, utatumia pesa nyingi kwa samadi na palizi. Ukikuta vichaka vimefunga, chini kuna majani yanayooza na udongo mweusi, hapo pameiva. Angalia pia visiki vina machipukizi au vimekauka. Sehemu iliyochomwa makaa mara kwa mara, au inayolishwa mbuzi kila siku, inakwama kwenye majani miaka na miaka, kwa sababu kila chipukizi linaliwa au linaungua.

Ukipata kibali cha kufyeka, anzia kwa sheha na watu wa misitu, kisha kata, using'oe. Majani yatandaze kama matandazo kwenye mashimo yako, na miti michache iache kwa ajili ya ndege. Ukimaliza misimu yako, panda mbaazi unapoondoka.

Yule kijana alikwenda kuangalia akanitumia picha: visiki vyote vimeng'olewa. Anaendelea kutafuta. Lile konde la matikiti nalo nililipitia mwezi uliopita. Katikati bado ni ndago tupu, ila ukingoni, upande unaopakana na mzee, mkwamba umefika magotini.