Vinara wa Umeme, Kutoka Palma

Mlaji mkubwa wa umeme Msumbiji alikuwa kusini kabisa, karibu na Maputo: kiwanda cha alumini cha Mozal, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 na kuhitaji megawati 950 hivi peke yake. Umeme huo kilinunua kwa Eskom ya Afrika Kusini, ingawa nchi ina bwawa lake la Cahora Bassa. Mwaka 2025 mmiliki wake mkuu, South32, alitangaza kwamba angekisimamisha Machi 2026 kwa kukosa mkataba wa umeme wenye bei inayolipa. Bei ikishindikana, mteja wa namna hiyo huondoka na mzigo wake wote kwa mkupuo.

Laini ya umeme ndefu kuliko zote? Cahora Bassa hadi Apollo, Afrika Kusini, kilomita 1,420 hivi. Palma, mji wa kaskazini kabisa mwa Msumbiji, haimo njiani.

Palma ina rekodi ya fedha. Mradi wa gesi wa Afungi, chini ya TotalEnergies, ulikadiriwa dola bilioni 20, miongoni mwa uwekezaji binafsi mkubwa kabisa Afrika. Kwa kuutarajia zilikuja hoteli, mabenki na makandarasi, wote wakihitaji viyoyozi na friji. Tarehe 24 Machi 2021 mji ukashambuliwa na waasi. Tarehe 26 Aprili kampuni ikasimamisha mradi, na usitishaji huo haukuondolewa hadi Novemba 2025. Mabenki yaliporwa, hoteli zikabaki tupu. Kituo cha umeme cha Awasse, kinacholisha Palma na wilaya jirani, nacho kilikuwa kimeharibiwa na waasi. Kwa hiyo wanunuzi walitoweka na njia ya umeme ikakatika.

Na hata mradi ukikamilika, wengi husahau jambo moja: mtambo wa Afungi umepangwa kujizalishia umeme kwa gesi yake wenyewe.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Mtwara, Tanzania, kunakotoka bidhaa za Palma, kampuni ya Dangote ina kiwanda cha saruji chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kikubwa kuliko vyote Tanzania. Mwishoni mwa 2016 kilisimama kwa muda, gharama za nishati zikitajwa; gesi ya Mnazi Bay kilikuja kuunganishiwa 2018.

Taji la mteja muhimu zaidi Palma, kwa hukumu yangu, apewe muuza samaki mwenye friji moja. Huyo ndiye anayenunua Credelec, umeme wa kulipia kabla wa EDM, shirika la umeme la Msumbiji, na bidhaa za Mtwara zikipanda bei, ndiye wa kwanza kuizima friji yake.