Lua: Lugha ndogo ya tarakilishi inayobeba mizigo mizito

USIONE wembamba wa reli, garimoshi hupita. Methali hii inaisawiri barabara Lua, lugha ya tarakilishi iliyobuniwa mwaka wa 1993 na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil.

Uhaba ndio uliowasukuma. Kuanzia 1977 hadi 1992, Brazil iliwekea masharti makali uagizaji wa tarakilishi na programu kutoka nje. Hivyo basi, kituo cha Tecgraf chuoni humo kilizoea kujiundia zana zake chenyewe.

Miongoni mwa wateja wake wakuu ilikuwa kampuni ya mafuta ya Petrobras, ambayo wahandisi wake walihitaji kubadili mipangilio ya programu bila kumwita mtaalamu kila mara. Tecgraf iliwaundia vijilugha viwili, DEL na SOL. Punde mahitaji yakavizidi, na watatu hao wakaamua kuunda lugha moja kamili. Kwa kuwa “sol” ni jua kwa Kireno, mrithi akaitwa Lua, yaani mwezi.

Lua hupachikwa ndani ya programu kubwa, hasa iliyoandikwa kwa lugha ya C. Programu hiyo hubeba kazi nzito, nayo Lua huagiza lipi lifanywe na lini. Aidha, mwenyeji ndiye huamua mgeni aguse nini: asipomfungulia mlango wa mafaili, mgeni hawezi kuyafikia.

Kubuni lugha kama hii ni kukataa mengi kuliko kukubali. Lua ina muundo mmoja tu wa kupangia data, yaani jedwali, ambalo hutumika kama orodha na pia kama kamusi. Lugha nzima pamoja na maktaba zake za msingi hutoshea katika kilobaiti 300.

Hata hivyo, udogo huo una gharama. Mengi yanayopatikana tayari katika lugha nyingine, mtumiaji wa Lua hulazimika kujiundia au kuyatafuta kwingine.

Gharama hiyo haijaizuia kuvuka mipaka. Mchezo wa World of Warcraft uliozinduliwa 2004 huitumia, na tangu 2013 Wikipedia huitegemea kutayarisha majedwali na visanduku vya habari. Anayesoma Wikipedia ya Kiswahili, basi, huenda anahudumiwa na mwezi huo wa Brazil bila kujua.