Kifuko cha Maji Chini ya Ubongo

Mwenzetu akigonga bega mulangoni kila mara, tunamucheka. Kumbe pengine haoni vya pembeni. Siye wa mwaka wa sita tunataka kueleza sababu moja, hata kama ni ya mara chache.

Mutoto akiwa tumboni mwa mama, kikunjo kinapanda toka paa ya kinywa kutengeneza sehemu ya mbele ya ipofizi, tezi ndogo sawa haragi. Martin Rathke, Mudachi, alikieleza mwaka 1838. Kawaida kinafungika. Kikibaki, kinaweza kujaa maji. Si kansa! Watu wengi wanacho bila kujua. Kinaonekana kwa bahati tu katika picha ya IRM.

Taabu ni mahali kiliko: juu yake mishipa ya macho inapitana. Kikikua kinaibana, macho yanapoteza pande za inje, na miwani haisaidii kitu. Kwa hiyo munganga anapima kila jicho upande kwa upande, na damu pia, maana ipofizi inaamuru tezi zingine.

Kisiposumbua, wanakichunga tu kwa picha. Kikibana macho, wanapita puani (ndiyo, puani!), wanatoboa mufupa mwembamba na kukifungua, maji yatoke. Mara nyingi macho yanapata nafuu. Lakini kinaweza kujaa tena, basi picha zinaendelea miaka mingi.